Kabla ya molekuli, hesabu vifo: namna ninavyowafunda watafiti wapya wa uzee

Karibu kila kijana anayeingia kwangu kujifunza utafiti wa uzee huja na molekuli yake kichwani. Mmoja anataka telomia, zile ncha za kromosomu. Mwingine mitokondria. Wa tatu amesoma kuhusu seli kongwe zilizoacha kugawanyika lakini hazitaki kufa, naye anataka dawa ya kuzifagia. Nawasikiliza, tunacheka, kisha nampa kila mmoja sahani ya minyoo. Mwezi wa kwanza hakuna molekuli. Kazi ni kuhesabu vifo, na kuweza kunieleza kila kifo kilihesabiwaje.

Wengine hununa, na siwalaumu. Mtu ana shahada mbili halafu anapewa kazi ya karani wa makaburi. Lakini uzee una jambo ambalo matawi mengi ya baiolojia hayana: kinachopimwa ni muda wenyewe. Ukikosea kipimo cha dawa kwenye seli, utarudia wiki ijayo. Ukikosea kuanzisha saa ya panya, au ukasahau kuandika waliotoka njiani, utagundua baada ya miaka mitatu, panya wote wameshakufa na ruzuku imekwisha. Kwa hiyo nawafundisha maswali matatu kabla ya kitu kingine chochote: nani ameingia, nani ametoka, na saa imeanza lini. Haya yanafaa kwa mnyoo, kwa panya na kwa binadamu, na ukiyashika vizuri utasoma makala za fani hii kwa jicho tofauti kabisa.

Nimeandika kwa ajili yako uliyekabidhiwa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, au daktari kijana anayetaka kuingia kwenye utafiti. Kijana mwenyewe akiyasoma, ni ruhusa kumdai msimamizi wake.

Mwezi wa mnyoo

Mnyoo wetu, C. elegans, ana urefu wa milimita moja hivi, anaonekana mwili mzima kwa hadubini ya kawaida, na kwenye nyuzi joto 20 anaishi wiki mbili hadi tatu. Ndiye aliyeifanya fani hii ichukuliwe kwa uzito. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba jeni moja, daf-2, ikidhoofishwa, maisha ya mnyoo huyu yanazidi maradufu. Kila mwanafunzi anaijua habari hiyo. Wachache wanajua jinsi mnyoo anavyotangazwa kuwa amekufa.

Inafanywa hivi. Unao minyoo wa rika moja kwenye sahani za agari, yaani jeli ya maabara, zenye bakteria wa kuwalisha. Siku za kutaga unawahamishia sahani mpya kila siku, la sivyo watoto watakua na hutajua nani mzazi. Zipo maabara zinazotumia dawa ya kuzuia uzazi ili kukwepa kazi hiyo ya kuhamisha. Ni rahisi, lakini dawa yenyewe inaweza kugusa urefu wa maisha, kwa hiyo mwanafunzi wangu anaanza bila dawa. Akishateseka kidogo atajua anachokinunua kwa urahisi huo.

Kila siku anaangalia. Mnyoo anayetembea hana mjadala. Aliyetulia anaguswa kwa waya mwembamba wa platinamu, kwanza karibu na kichwa, kisha mkiani, halafu anasubiriwa. Kusubiri ndiko penye kazi. Mnyoo mzee hujibu taratibu mno: ncha ya kichwa inasogea upana wa unywele, basi, anarudi kimya. Mwenye haraka ameshaandika “amekufa” na kupita. Kesho yake anamkuta kwenye kona nyingine ya sahani.

“Mwalimu, huyu amefufuka,” mmoja aliniambia.

“Vizuri. Sasa niambie ni wangapi uliowazika jana ambao hukuwapa nafasi ya kufufuka.”

Alirudia kusoma daftari lake lote. Tangu siku ile sikumfundisha tena uangalifu.

Halafu kuna wanaotoka. Mnyoo anapanda ukuta wa sahani na kukaukia huko. Mwingine mayai yanamwangulia tumboni na watoto wanamla kutoka ndani. Mwingine utumbo unamtoka kwenye tundu la uzazi. Mwingine mwanafunzi mwenyewe amemchoma kwa waya. Hawa wote si sawa, na hakuna hata mmoja wa kuandikwa “amepotea” kisha asahaulike. Kila mmoja anaandikiwa siku na sababu. Mnyoo aliyeuawa na watoto wake, mathalani, ukimweka kwenye fungu la waliokufa kwa uzee, dawa yoyote inayopunguza mayai itaonekana inarefusha maisha, kumbe imezuia ajali ya uzazi tu.

Baada ya hapo wanapiga hesabu kwa mkono. Programu ya kompyuta itakuja, lakini kwanza kalamu. Chukua minyoo 50. Siku ya 10 wanakufa wawili: waliobaki ni 48 kati ya 50, yaani 0.96. Siku ya 12 wanne wanakaukia ukutani. Hawajafa kwa kipimo chetu, lakini hawapo tena wa kuhesabiwa, kwa hiyo wanaotazamwa sasa ni 44. Siku ya 14 wanakufa 11: wanabaki 33 kati ya 44, yaani 0.75. Zidisha 0.96 kwa 0.75, unapata 0.72. Hiyo ndiyo nafasi ya mnyoo kuvuka siku ya 14. Sasa fanya kivivu, wahesabu wale wanne kama wamekufa: 33 kati ya 50, unapata 0.66. Minyoo wale wale, siku zile zile, jibu jingine. Na kama dawa yako ina ladha mbaya inayowafanya minyoo wakimbilie ukutani, pengo hilo litajitokeza kwenye kundi moja tu, nawe utaandika makala nzima juu yake.

Njia hii ya kuzidisha ni ya Kaplan na Meier, ya mwaka 1958, na imo kwenye kila programu ya takwimu. Aliyewahi kuifanya kwa kalamu anajua namba gani imeingia chini ya mstari. Yeye habonyezi tu bila kujua.

Nikimaliza hapo huwasimulia habari ya maabara tatu za Marekani, moja katika Taasisi ya Buck, nyingine Chuo Kikuu cha Rutgers na ya tatu Chuo Kikuu cha Oregon, zilizoungana kupima dawa kwa minyoo kwa utaratibu mmoja. Watu wenye uzoefu mkubwa, maelekezo yale yale, vifaa vile vile, lakini majibu yakawa yanapishana. Walipoketi kuchambua walikuta, miongoni mwa mengine, kwamba wapo waliokuwa wakihesabu umri tangu yai lilipotagwa na wengine tangu lilipoanguliwa. Hata upole wa mkono wakati wa kumnyanyua mnyoo ulikuwa na neno. Waliyaandika hayo waziwazi kwenye jarida la Nature mwaka 2017. Ningekuwa na uwezo ningelazimisha kila mtafiti wa uzee aisome habari hiyo kabla ya kugusa pipeti.

Jambo la mwisho la mwezi huu: anayehesabu asijue kundi lipi limepewa dawa. Mtu mwingine anazipa sahani namba na kuficha ufunguo. Mwanafunzi akisema “lakini mimi ni mwaminifu”, mkumbushe yule mnyoo wa ncha ya kichwa. Uaminifu hausaidii pale jicho linapotakiwa kuamua kama kitu kimesogea.

Fumbo la Hayflick

Mwanafunzi wa seli naye hupitia kwa minyoo, kisha nampa fumbo ambalo sijapata zuri zaidi yake.

Tangu mwaka 1912 Alexis Carrel alikuwa akikuza seli za moyo wa kifaranga, na mfululizo wa seli hizo ukadumu zaidi ya miaka 30. Ikaaminika kwamba seli ikitolewa mwilini haizeeki. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wakaja na kinyume chake: seli za kawaida za binadamu zinagawanyika kama mara 50, kisha zinasimama. Sasa wewe ndiye Hayflick. Kila unayemwonyesha matokeo anakwambia lishe yako chafu, au kuna kirusi, au mkono wako mbovu. Mpe jibu bila kugombana.

Karibu wote huanza kwa kusema watarudia jaribio. Nawauliza: ukirudia kwa lishe ile ile na mkono ule ule, mpinzani wako amepoteza nini? Kimya. Wengine wanapendekeza kubadilisha lishe, wengine kupeleka maabara nyingine. Si vibaya. Waache wahangaike hadi kesho yake.

Walichofanya Hayflick na Moorhead ni kuchanganya kwenye chombo kimoja seli za mwanamume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli changa za mwanamke. Pembeni wakaweka zile za kiume peke yake. Kwa kuwa kromosomu za kiume na za kike zinatofautishwa kwa hadubini, kila seli ilikuwa na kitambulisho chake. Zile za pembeni zilipoacha kugawanyika, wakaenda kuangalia mchanganyiko, wakakuta waliobaki ni seli za kike tu. Lishe moja, mkono mmoja, kirusi kama kipo ni kimoja. Kwa hiyo saa imo ndani ya seli.

Hapo mwanafunzi anaona kwamba kundi la ulinganisho si safu ya pili ya jedwali unayoijaza ili mhakiki asilalamike. Linatengenezwa kwa kumfikiria mpinzani mwerevu. Nawaambia pia kwamba jarida la kwanza lililopelekewa makala hiyo liliikataa. Wanalipenda hilo kuliko yote, sijui kwa nini.

Maswali ya kuudhi

Akirudi kwenye molekuli yake aliyokuja nayo, na sasa ameruhusiwa, mwanafunzi anakutana na maswali ninayoyarudia hadi wanayaigiza nyuma ya mgongo wangu.

Anakula? Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula lakini wakapewa virutubisho vya kutosha waliishi zaidi. Maana yake kwa kazi yako ni hii: kitu chochote kinachomkosesha mnyama hamu ya kula kinaweza kumrefushia maisha bila kuwa na uhusiano na molekuli yako. Pima uzito wa panya. Pima chakula kilichobaki. Kwa mnyoo, hakikisha dawa haijaua bakteria anaowala. Nimeona ugunduzi mzuri ukiyeyuka kwenye mizani, na ni afadhali uyeyuke kwako kuliko kwa mhakiki.

Huu ni uzee au ni kukua? Swali hili linaangusha makala nyingi kuliko linavyosifiwa. Mtu anachukua panya wa wiki sita na wa miezi kumi na minane, anapata tofauti, anaandika “mabadiliko ya uzee”. Panya wa wiki sita bado anakua. Panya wa maabara wa aina ya C57BL/6, anayetumika kuliko wote, huhesabiwa mtu mzima akiwa na miezi mitatu hadi sita, wa makamo miezi 10 hadi 14, na mzee miezi 18 hadi 24. Dai angalau rika tatu. Kitu kinachobadilika kati ya mtoto na mtu mzima kisha kikatulia hapo, hicho si uzee, hata kama grafu ya nukta mbili inapanda kwa uzuri.

Dume au jike? Akijibu “madume tu, majike wana homoni zinazobadilika”, mpe mfano. Katika mpango wa Marekani wa kupima dawa kwa panya, ule wa Taasisi ya Taifa ya Uzee, akaboze, dawa ya kisukari, ilirefusha maisha ya madume kuliko ya majike, na 17-alfa-estradioli, ndugu wa homoni ya estrojeni, ikawafaa madume peke yao. Na kwa binadamu, utafiti wa Baltimore wa kufuatilia watu wanavyozeeka ulianza mwaka 1958 na wanaume tu. Wanawake waliingizwa mwaka 1978. Miaka ishirini ya data isiyomhusu nusu ya watu.

Kuhusu zile alama za uzee, yaani mabadiliko ya msingi mwilini yanayohesabiwa kuwa ndiyo yanayoleta uzee: orodha ya mwaka 2013 ilikuwa na tisa, ya 2023 ina kumi na mbili. Ni nzuri kwa kupanga mawazo. Usimruhusu mwanafunzi aandike nadharia tete ya namna ya “nitapima alama ya nne”. Muulize ikizuiwa hiyo ya nne mnyama atapata nini, na ikizidishwa atapoteza nini. Akikosa jibu, bado hana swali la utafiti, ana mada tu.

Panya na kalenda

Panya anaishi zaidi ya miaka miwili. Ongeza muda wa kibali cha maadili, kuzalisha, kuchambua na kuandika, utaona kwamba jaribio moja la urefu wa maisha linameza uzamivu wote wa mtu. Ni dhuluma kumpa mwanafunzi jaribio hilo peke yake kisha umwambie avumilie.

Kanuni yangu ni kila kijana kuwa na maswali mawili, moja refu na moja fupi, na lile fupi lisiwe la kupoteza muda. La refu linaweza kuwa panya waliokwisha kuwepo ambao yeye anawapokea katikati. La fupi ni minyoo, au nzi wa matunda anayeishi miezi miwili mitatu, au seli, au data za watu zilizokwisha kukusanywa. Yakigusana ni bora zaidi. Makala ya kwanza itoke kwenye lile fupi ndani ya nusu ya kwanza ya masomo, ili akienda kuomba kazi awe na kitu mkononi hata kama panya bado wako hai na wana afya njema, jambo ambalo kwa mtafiti wa uzee ni habari nzuri yenye usumbufu.

Njia nyingine ya kupunguza kalenda ni kuanza na mnyama mzee. Mwaka 2009 mpango ule ule wa panya, unaofanya kila jaribio sambamba katika vituo vitatu, yaani Maabara ya Jackson, Chuo Kikuu cha Michigan na San Antonio huko Texas, ulitangaza kwamba rapamisini, dawa inayojulikana kwa kupunguza nguvu za kinga ya mwili, ilirefusha maisha ya panya walioanza kuipata wakiwa na siku 600. Ukiangalia umri ambao asilimia 90 ya panya walikuwa wamekufa, ulisogea mbele kwa asilimia 14 kwa majike na 9 kwa madume. Hawakupanga kuanza wakichelewa hivyo. Dawa ilikuwa inaharibika ndani ya chakula, na ilichukua muda kupata namna ya kuifunika isiharibike. Wakati huo panya walikuwa wanazeeka. Wangeweza kuwatupa waanze upya. Nawaambia vijana waitafakari nafasi hiyo, kwa sababu ucheleweshaji watakutana nao tu.

Sasa jambo ambalo vitabu vya mbinu hulipitia haraka. Panya wa maabara haachwi afe kwa mateso. Akionekana yuko mahututi, maadili yanataka asaidiwe kufa, na siku hiyo ndiyo inayoandikwa kuwa ya kifo. Kwa hiyo mkono wa mtu umeingia kwenye kipimo. Dalili za kuamulia ziandikwe kabla jaribio halijaanza: uzito umeshuka kiasi gani, anaweza kusimama au hawezi, anajibu akiguswa au hajibu. Anayeamua asijue kundi la panya huyo. Mpeleke mwanafunzi kwa watunza wanyama akae nao, awasikilize. Mtunza panya mzoefu anaona mnyama anayeelekea kufa siku kadhaa kabla ya mwenye shahada, na jina lake linastahili kuwa kwenye shukrani za makala, pengine hata kati ya waandishi.

Mwanafunzi pia atahuzunika. Hasa wale wanaokuwa na panya wale wale miezi na miezi. Usimcheke, wala usimfanyie hotuba. Mpangie zamu ili asiwe yeye peke yake anayeua kila mara.

Kwenda kwa watu

Mtafiti wa maabara ninamtuma akakae kwenye kliniki ya wazee, na daktari kijana ninamleta kwenye minyoo. Yule wa kwanza hugundua kwamba mgonjwa wa miaka 82 hana ugonjwa mmoja, ana matano na dawa tisa, na kinachomsumbua zaidi ni kuogopa kuanguka bafuni. Wa pili hugundua kwamba “sampuli ndogo lakini inaonyesha mwelekeo” si jibu.

Kipimo cha kuanzia nacho ni mwendo. Mita nne, kasi ya kawaida ya mtu, saa ya mkononi. Kinaonekana cha kitoto hadi uwaweke wanafunzi wawili wampime mtu mmoja, kila mmoja na saa yake, wakitoka wana namba mbili. Mmoja alibonyeza aliposema “anza”, mwingine mguu ulipoondoka sakafuni. Ni yai na kuanguliwa tena. Waandike sifuri iko wapi, wapimane wenyewe, kisha ndipo waende kwa wazee. Wafundishe pia kwamba anayepimwa huenda hasikii vizuri: mpimaji akae mbele yake, mdomo uonekane, aseme polepole bila kupayuka, ahakikishe miwani imevaliwa kabla ya kumpa mtihani wa kumbukumbu. Nimeona alama za “kusahau” zikipanda ghafla baada ya mtu kurudishiwa miwani yake. Ridhaa nayo isiwe sahihi ya haraka. Muulize mzee akueleze kwa maneno yake amekubali kitu gani.

Umri wenyewe usiaminiwe bila kukaguliwa. Chora grafu ya umri wa washiriki wote, mwaka kwa mwaka. Ukiona milima kwenye 60, 65, 70, 75 na 80 na mabonde katikati, umri huo umekadiriwa, si wa kumbukumbu. Bado unaweza kutumika, lakini si kwa swali linalodai tofauti ya mwaka mmoja. Ni kazi ya dakika kumi, na wengi hawaifanyi.

Kwa mwenye haraka ya kalenda, data za kufuatilia watu zipo. Utafiti wa Marekani wa afya na kustaafu ulianza mwaka 1992, wa Ulaya uitwao SHARE mwaka 2004, wa Shirika la Afya Duniani uitwao SAGE unahusisha China, Ghana, India, Meksiko, Urusi na Afrika Kusini. UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza, ina watu wapatao 500,000 walioandikishwa kati ya 2006 na 2010 wakiwa na miaka 40 hadi 69. Lakini rudi kwenye maswali matatu. Nani ameingia UK Biobank? Waliojitolea, na kwa ujumla wana afya kuliko Waingereza wenzao wa rika lao. Kijana akiusahau ukweli huo ataandika kwamba jambo fulani ni nadra uzeeni, kumbe wenye nalo hawakujitokeza.

Mtego ninaoutaka waujue kama jina lao ni ule wa muda usioweza kuwa na kifo. Mtu anagawa watu makundi mawili: waliotumia dawa fulani kwa miaka mitano, na ambao hawakuitumia kabisa. Anakuta waliotumia wameishi zaidi. Bila shaka wameishi zaidi! Ili uhesabike umetumia miaka mitano lazima kwanza uwe hai miaka mitano. Aliyefariki mwaka wa pili hakupata nafasi ya kuingia kundi hilo. Saa imeanza vibaya. Kila mwanafunzi wangu analetewa makala, anatafuta sifuri ilipo, na anarudi kuniambia kama waandishi wameihamisha.

Kusoma kwa kugombanisha

Mkutano wetu wa kusoma hauchukui makala moja. Unachukua mbili zinazopingana. Jozi ninayoipenda ni ya nyani wa rhesus waliopunguziwa chakula. Kundi la Chuo Kikuu cha Wisconsin lilitangaza mwaka 2009 kwamba vifo vinavyohusiana na uzee vilipungua. Kundi la Taasisi ya Taifa ya Uzee likasema mwaka 2012 kwamba maisha hayakurefuka. Miaka mingi ya kazi kila upande, na magazeti yakafurahia ugomvi. Mwaka 2017 makundi yote mawili yakaandika pamoja. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye kundi la ulinganisho: Wisconsin waliwaacha nyani wa ulinganisho wale wapendavyo, tena chakula chenye sukari nyingi, wakati upande wa pili waliwapimia, kwa hiyo “wanaokula kawaida” walikuwa tayari hawali kupita kiasi. Natoa makala mbili za kwanza tu, ya 2017 naificha. Anayefika kwenye sahani ya chakula mwenyewe, bila kuonyeshwa, huyo amekomaa kuanza kuhakiki kazi za wengine.

Mfundishe pia kujibu watu wa nje. Ataulizwa na ndugu, na mwandishi wa habari, na mwenye kampuni: dawa ya kutozeeka ipo? Nataka awe na jibu la sentensi mbili lisilodanganya. Resveratroli, kemikali iliyomo kwenye zabibu, iliuzwa kwa kishindo kikubwa, lakini ilipopimwa na mpango ule wa vituo vitatu, panya hawakuishi zaidi. Kwa binadamu hakuna dawa iliyothibitishwa kupunguza kasi ya uzee wenyewe. Akiweza kusema hivyo mbele ya mtu mwenye fedha za kumpa, amefuzu somo ambalo halina mtihani chuoni.

Wewe msimamizi

Kutana naye kila wiki, na uombe daftari, si slaidi. Fungua ukurasa wa mwisho. Slaidi zinaonyesha alichoelewa, daftari linaonyesha alichofanya, na vijana wengi hukwama katikati ya hivyo viwili. Mpe mshauri wa pili nje ya maabara yako, hasa mtakwimu, tangu mwanzo wa mpango. Mtakwimu anayeitwa mwishoni huja kuandika cheti cha kifo. Mruhusu akupinge mbele ya wenzake, nawe ukishindwa useme umeshindwa.

Na siku ya kuondoka kwake ipange mapema, kwa sababu katika fani hii mtu huondoka kabla ya wanyama wake. Miezi sita kabla ya mkataba kwisha, muandike karatasi moja: ni panya gani walio hai, wako kwenye vizimba vipi, wamezaliwa lini, nani atawahesabu, ufunguo wa makundi uko kwa nani, na jina la kijana litakaa nafasi ya ngapi panya wa mwisho atakapokufa na makala kuandikwa. Mtie sahihi wote wawili, na yule anayepokea. Kisha nendeni pamoja vizimbani mhesabu panya mmoja mmoja mbele ya anayepokea, idadi ifanane na ya kwenye karatasi.